Kishindo na Pilipili Nyumba Moja

Habari ilitufikia kabla birika la kahawa halijachemka: Breki kaumwa na mbwa. Na si mbwa wa jirani. Mbwa wa nyumbani kwake, sebuleni kwake, mbele ya mke wake mpya.

"Nasikia mkono umekatika," alisema Kinyozi. Kijiwe chetu ni benchi refu nje ya kibanda chake cha kunyolea, na habari ikikalia lile benchi lazima inenepe.

"Umekatika wapi?" aliuliza Bi Mkunga. Huyu ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa aliipokea kwa mikono yake ikiwa uchi na inalia, kwa hiyo hamwogopi mtu. "Nimemwona asubuhi anafungua geti kwa mkono huohuo."

"Basi umeteguka."

"Kuumwa na kuteguka wapi na wapi, mwanangu?"

"Kisheria," akaanza Wakili, "mbwa akimuuma mwenye mbwa hakuna kesi. Mlalamikaji na mlalamikiwa wanakula jiko moja." Wakili hajawahi kusoma sheria hata ukurasa. Alishtakiwa tu kwa sababu ya mpaka wa kiwanja, kesi ikachukua miaka, akatoka huko bila kiwanja lakini na maneno mengi.

Ndipo Breki mwenyewe akatokea. Alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu, na jina alilipata hapahapa kijiweni, maana hakuna safari aliyowahi kuisimulia ambayo breki hazikukatika mlimani. Mkono wa kulia ulikuwa umeviringishwa bendeji kama kichanga. Wa kushoto ulishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Kishindo, mbwa wake mweusi, mkubwa, mwenye mvi mdomoni. Mbwa alijibwaga chini ya benchi, akatikisa kichwa, akakilaza upande. Sisi sote tukainua miguu.

"Shusheni miguu. Huyu hamuumi mtu," Breki alisema.

"Kakuuma wewe. Au wewe si mtu?" Kinyozi alimjibu.

"Si huyu aliyeniuma." Breki akakohoa. "Ni Pilipili."

Tulitazamana. Kisha kicheko kilipasuka hadi mteja aliyekuwa ndani, nusu ya kichwa imenyolewa, akatoka na shuka shingoni kuuliza kuna nini. Pilipili tunamjua. Alikuja na Shemeji, yule mshonaji aliyeolewa na Breki baada ya wote wawili kukaa wajane kwa muda mrefu. Ni kambwa kekundu, miguu mifupi, tumbo linakaribia kufagia njia.

"Kale ka mfukoni?" Kinyozi alijipigapiga mapaja. "Dereva mzima wa malori!"

"Alikuwa anapigana na huyu, nikatia mkono katikati kuwaamua."

"Mkono?" Bi Mkunga alishangaa. "Mbwa wakishikana mtu anatia mkono? Hukuona hata ubao, hata ndoo ya maji, hata blanketi la kuwatupia?"

"Nilikuwa na nia njema, Bi Mkunga."

"Meno hayasomi nia, mdogo wangu."

Breki alikaa, akapokea kahawa kwa mkono wa kushoto, akatueleza. Tangu Shemeji ahamie, nyumba haina amani. Bakuli likigonga sakafu, vita. Mlango ukifunguliwa, vita. Breki akikaa kwenye kochi, Kishindo akija kulaza kichwa gotini, Pilipili anachomoka chini ya cherehani kama risasi. Mikeka imeraruka. Vitambaa vya wateja vimekaa zaidi kwenye meno kuliko kwenye sindano.

"Wahenga walisema," Kinyozi alinyanyua kitana, "mafahali wawili hawakai zizi moja. Dawa ni moja tu. Waache wapigane mpaka mmoja akubali kwamba mwenzake ni mkubwa. Baada ya hapo ni heshima."

"Na wewe na mkeo mlifanya hivyohivyo?" aliuliza Bi Mkunga.

"Haswa!"

"Nani alishinda?"

Kinyozi alikumbuka ghafla kwamba ana mteja. Aliingia ndani, mashine ikaanza kunguruma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi nasema ugawe nyumba," Wakili alishauri. "Kishindo apewe sebule na ua. Pilipili apewe chumba na jiko. Mpaka uchorwe kwa chokaa."

"Mbwa atautambua mpaka?"

"Asipoutambua atakuwa amevamia!"

"Na mimi nitalala upande wa nani?"

Wakili alifikiri. "Hapo ndipo kesi itakapochukua miaka."

Tulicheka, ila Breki hakucheka. Alikuwa anageuzageuza kikombe bila kunywa. Bi Mkunga, ambaye ameshaona nyuso za wanaume wengi wakisubiri nje ya mlango, alinyamazisha benchi kwa kidole.

"Huyu mbwa umekuja naye kwa nini? Wewe huji naye hapa."

Breki aliweka kikombe chini. "Namsubiri mlinzi wa ghala la mbao. Anataka mbwa wa kulinda. Nimemwambia aje amchukue."

Hapo hata mashine ya Kinyozi ilizimwa. Wote tunajua Kishindo ni nani. Mke wa kwanza wa Breki alipofariki, watoto walikuja, wakalia, wakarudi makwao. Aliyebaki ni Kishindo. Kuna wakati Breki alikuwa haongei na mtu yeyote mtaani isipokuwa huyo mbwa, na tukipita tunamsikia ndani akimsimulia breki zilivyokatika.

"Shemeji anajua?" Kinyozi aliuliza, ameshatoka tena.

"Jana jioni, baada ya kunifunga mkono, alisema: Nimechoka. Neno moja tu. Mwanamke akisema nimechoka kisha akaendelea kushona, hujui anashona nini. Nikaona heri nimpunguzie mzigo kabla hajafunga wake akaondoka."

"Umemwuliza amechoka na nini?"

"Nimwulize nini tena, Bi Mkunga? Jibu si hili hapa mkononi?"

Hatukupata nafasi ya kumjibu. Shemeji alikuwa anakata kona, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, anatembea kama mtu anayejua anakwenda kumkamata nani. Pilipili hakuwa naye.

"Shikamoo, Bi Mkunga. Hamjambo wengine." Kisha akamgeukia mumewe. "Nimerudi nyumbani nakuta kamba haipo, mbwa hayupo, bakuli lake limeoshwa na kufunikwa kama la marehemu. Unampeleka wapi?"

Breki alieleza. Alieleza vibaya, kuanzia katikati, na mara mbili alimtaja mlinzi wa ghala kama mtu mwema.

"Nani kakwambia nimechoka na Kishindo?"

"Si ulisema..."

"Nimechoka na wewe!"

Benchi lote tulianza kuangalia vikombe vyetu.

"Nani anampa Kishindo mfupa mezani, Pilipili akitazama? Wewe. Nani akirudi nyumbani anapiga kelele mlangoni, Kishindo mwanangu, Kishindo simba wangu, mpaka wote wawili wanapandwa na wazimu? Wewe. Nani anampiga Pilipili kwa ndala kila akinguruma?"

"Namfundisha adabu."

"Nimetoka kwa daktari wa mifugo asubuhi hii hii. Kasema mbwa anayenguruma anaonya. Ukimkataza kuonya, anaacha kuonya, anauma moja kwa moja. Na kweli, jana alikuuma bila hata kunguruma."

"Shemeji ana hoja," Wakili alinong'ona. "Mshtakiwa ajitetee."

Shemeji alikuwa ameshachuchumaa. Alimsogelea Kishindo taratibu kwa ubavuni, akamkuna kifuani, kisha akainua sikio lake la kushoto kwa ncha za vidole. Mbwa alinywea akalia kidogo. Hata sisi tuliokaa mbali harufu ilitufikia.

"Daktari aliniuliza kama mkubwa ana maumivu yoyote. Nikasema anatikisatikisa kichwa siku hizi. Akasema, lile ni sikio. Mdogo anarukia kichwani kucheza, mkubwa anasikia moto, anageuka kung'ata. Wa kwanza kuumia ni huyu, mume wangu. Nawe unataka kumpeleka akalie ghalani."

Breki alishuka kwenye benchi akapiga magoti vumbini. Aliangalia kidonda kilichokuwa ndani ya sikio, akauweka ule mkono wenye bendeji shingoni kwa mbwa, akabaki hivyo. Kinyozi alianza kukunja shuka ambalo halikuhitaji kukunjwa.

Na mlinzi wa ghala naye alichagua dakika hiyohiyo kufika, amebeba mnyororo, anatabasamu.

"Nimeambiwa kuna mbwa wa kuchukua?"

"Yupo," Shemeji alisema, akimwonyesha Breki. "Mchukue huyu. Anabweka vizuri."

Mlinzi alimkagua Breki kuanzia kichwani hadi miguuni. "Huyu atalala, mama. Ghala litaibiwa." Akaondoka na mnyororo wake.

Sikio lilitibiwa. Halafu yakaanza mafunzo, na kusema kweli aliyefunzwa zaidi si mbwa. Mabakuli yalitenganishwa, moja jikoni, jingine uani, mlango katikati umefungwa. Mifupa ikapigwa marufuku sebuleni. Kwenye mlango wa chumba cha kushonea fundi seremala aliweka kizuizi cha mbao, mbwa waonane bila kufikiana. Wenyewe wakitoka, kila mbwa upande wake. Breki alifundishwa kuingia nyumbani kwake kimya, bila hotuba, na kumsalimia mbwa aliyetulia tu.

"Ninaingia kwangu kama mwizi," alitulalamikia.

"Hata mwizi hujifunza," Bi Mkunga alimfariji.

Lakini kubwa lilikuwa matembezi. Jioni walipita mbele yetu, Breki na Kishindo upande huu wa barabara, Shemeji na Pilipili upande ule, wote wanaelekea kulekule. Mbwa mmoja akimtazama mwenzake bila kukunja pua, anapewa kipande cha nyama. Shemeji alitukabidhi kazi moja tu: tunyamaze wanapopita. Jamani! Sijawahi kuona watu wazima wakiteseka vile. Siku ya kwanza Wakili alijiziba mdomo kwa kofia. Kinyozi alishindwa, akasema "Bwana na bibi harusi!", Pilipili akabweka, Kishindo akavuta kamba, na matembezi yakaanza upya kutoka kona ya mbali. Bi Mkunga alimfinya Kinyozi mpaka akaomba radhi kwa mbwa.

Kwa kuwa walikuwa pande mbili za barabara, ikabidi wenye mbwa waongee kwa kupaza sauti. Hivyo mtaa mzima ulijua kwamba Shemeji alikuwa anaogopa Kishindo hatampenda kwa sababu alimzoea mke wa kwanza. Na mtaa ulimsikia Breki akijibu, kwa sauti ya dereva wa malori, kwamba si mbwa tu aliyekuwa akijifunza kuzoea, na kwamba yeye ameshazoea, tena zamani. Shemeji aliinama kurekebisha kamba ambayo haikuwa na shida.

Siku kwa siku nafasi kati yao ilipungua. Walirudi nyuma mara kadhaa, kulikuwa na siku ya ganda la muwa lililotupwa na jirani, ambayo hatuizungumzii. Mwishowe wakaja upande mmoja wa barabara, wakasimama kijiweni. Kishindo alilala mwisho huu wa benchi, Pilipili mwisho ule. Walitazamana, wakapiga miayo, wakageukia kwingine.

"Sasa wamekuwa marafiki!" Wakili alishangilia.

"Hapana," Shemeji alisema, akikaa karibu na mumewe. "Kula bado wanakula mbalimbali, na peke yao siwaachi."

"Shemeji, baada ya kazi yote hii, hawapendani?"

"Sikuomba wapendane. Niliomba wasiumane. Kwani nyie hapa mnapendana?"

Kinyozi alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Kinyozi. Bi Mkunga alitazama saa, akasema ana nguo kwenye kamba, na kabla hajafika kona sisi wengine tulikuwa tumeshatawanyika, benchi limebaki na mume, mke na mbwa wao wawili.