Ombi la Kufungiwa Breki Kwenye Kiti cha Abiria

Kwa Mkuu wa Marubani,
Shirika la Ndege analofanyia kazi binti yangu.

YAH: PEDALI YA BREKI, KITI CHA DIRISHANI, SAFU YA KUMI NA NNE

Mheshimiwa Mkuu wa Marubani,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa ardhini, kwenye kiti chenye miguu minne isiyotikisika. Mimi pia niko ardhini, na ningependa kubaki huku kama si jambo hili ninalokuandikia.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Mtaani wananiita Mwalimu Breki, na jina hilo sikujipa, nimelipata kazini. Kama unavyojua, gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Nusu ya madereva wa mji huu wako hai kwa sababu ya mguu wangu, na nusu nyingine wako hai kwa sababu ile nusu ya kwanza haikuwagonga. Watu husema ajali haina kinga. Wanaosema hivyo hawajakaa na mimi kwenye gari.

Sasa, binti yangu ni rubani wako msaidizi, yule mrefu anayecheka kabla hajamaliza kusema. Jumamosi ijayo atarusha abiria kwa mara ya kwanza, na ametukatia tiketi mimi na mama yake. Mama yake ameshapiga nguo pasi. Mimi nilipiga simu ofisini kwenu kuuliza jambo dogo tu, kwamba breki ya kiti changu iko upande gani, na yule dada wa mapokezi akacheka mpaka akaniachia simu mkononi. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Usinidhanie mtu wa kulalamika bila utafiti. Nimenunua ule mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, pamoja na vifaa vyake: usukani wa kushika kwa mikono miwili, pedali za miguu, na mkono wa pembeni wa kuongezea nguvu za injini. Nimevifunga sebuleni, meza ya kulia chakula imehamia barazani, na nimevipanga kwa mikono yangu mwenyewe. Niliyoyagundua ni haya.

1. Pedali za ndege ni mbili tu. Mbili! Nilipozitoa kwenye boksi nilidhani moja imeibwa njiani, nikapekua mpaka chini ya sponji. Kompyuta, kwa adabu zake, iliniuliza kila kifaa nataka kifanye kazi gani, nami nikaijibu kama mwalimu: mguu wa kulia mafuta, wa kushoto breki, klachi tutaisamehe. Ule mkono wa pembeni nikaupa kazi ya handbreki, kwa kuwa umekaa pale pale handbreki inapokaa. Kumbe pedali zenyewe zimeungana kama bembea ya watoto, ukisukuma ya kulia ya kushoto inakurudia. Nikikanyaga mafuta, breki inanipanda. Nikipumzisha miguu, injini inafifia tukiwa juu ya mawingu. Binti akanieleza kwa simu kwamba pedali hizo ni za kugeuza pua ya ndege, na kwamba breki zinakanyagwa kwa ncha za miguu. Kwa vidole, mheshimiwa! Chombo kizito kuliko nyumba kinasimamishwa kwa vidole. Tena zinafanya kazi ndege ikiwa chini tu. Huko juu, alisema, hakuna breki ya kusimamisha. Niliomba maji ya kunywa.

2. Usukani. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma mkokoteni anajua kwamba ukitaka kwenda unasukuma. Nikasukuma, ndege ikaelekea chini. Nikaona hilo ni kosa la kiwandani, nikaingia kwenye mipangilio nikaweka alama kwenye kisanduku cha kugeuza, ili ukisukuma ipande na ukivuta ishuke. Mambo yakawa shwari mpaka nilipouona mlima. Mtu akishtuka hujivuta nyuma, ndivyo alivyoumbwa, nami nikajivuta nyuma na usukani wangu mikononi. Sitaki kueleza zaidi. Halafu kuna kipimo cha kuuachia usukani mchezo kidogo, uzunguke kabla ndege haijasikia. Gari langu la shule lina mchezo wa robo mzunguko na limelea madereva wavumilivu, kwa hiyo nikakisogeza kipimo hicho mpaka mwisho. Basi unazungusha, unazungusha, ndege haina habari, kisha inakumbuka yote kwa mpigo mmoja.

3. Honi hakuna. Nimesoma orodha nzima ya kazi za vitufe, mpaka taa za mabawa zimo, honi haimo. Mnapishanaje? Nikachagua kitufe chekundu kinachokaa vizuri chini ya kidole gumba, nikakipa kazi ya kwanza niliyoiona, nikijua chombo kitazoea. Tulipokuwa tunajiandaa kuruka, lori la mafuta likatukatiza mbele bila haya. Nikapiga honi. Magurudumu yakajikunja, ndege ikakaa kwa tumbo kama bata. Dereva wa lori hata kugeuka hakugeuka. Binti alinisihi nirudishe mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani, nikakataa katakata. Mimi hata kiti cha kinyozi sikikalii kabla sijakirekebisha.

4. Mama mkwe. Hili ndilo linaloniuma. Alikuja kutusalimu, akaomba na yeye apandishwe kidogo, maana mjukuu wake ni mrushaji. Nikamwekea kiti nyuma yangu, akakaa na mkoba mapajani, akasema angependa dirishani, nikamfungulia dirisha la sebule. Unajua mwenyewe, mkwe ni mtu wa kuogopwa, hata kikohozi mbele yake unakimeza. Na mimi nikamtumbukiza ziwani. Nikamwomba radhi kwa kuinama, tukaruka tena, nikamtumbukiza ziwa lile lile. Safari ya tatu alisimama kabla sijawasha injini, akasema asante baba, nitakwenda kwa miguu. Alipofika mlangoni akaongeza kwamba mjukuu wake, yeye, amesomea. Mke wangu alikuwa jikoni, nikasikia mfuniko wa sufuria unamponyoka kwa kicheko.

Sasa tazama hesabu hii, maana haihitaji shule. Mwalimu mzima, mwenye leseni isiyo na doa, ameanguka kila safari. Je, mtoto aliyefundishwa gari na mwalimu huyo huyo?

5. Na hapo ndipo tunapofika kwa binti mwenyewe. Ni kweli nilimfundisha gari. Alikuwa anaendesha vizuri. Mimi nilikuwa nakanyaga breki vizuri zaidi. Nilimkanyagia kwenye kona, nikamkanyagia kwenye taa za kijani, na siku moja nikamkanyagia tukiwa tumeegesha. Siku hiyo alishuka, akaufunga mlango polepole, jambo lililonitisha kuliko kama angeubamiza, akasema: baba, nitatafuta chombo ambacho mguu wako haukifiki. Nilidhani anazungumzia pikipiki. Lo! Mtoto kaenda kusomea urubani. Kiburi hicho karithi kwa mama yake.

Sasa ananikatia kiti cha safu ya kumi na nne, mbali kabisa na chumba cha marubani, na huku anasema anataka niwepo. Naogopa, mheshimiwa, naandika bila aibu. Sijiogopei mimi. Huyo mtoto ndiye kifungua mimba wangu na ndiye kitinda mimba, wa akiba sina. Mama yake ameniambia nisipopanda atakiwekea mkoba kiti changu, na mtoto akiuliza baba yuko wapi ataonyeshwa mkoba, ajue mwenyewe baba yake anamwonaje. Kwa hiyo lazima nipande, na siwezi kupanda mguu ukiwa mtupu.

Naomba basi yafuatayo, na nimeyapanga kwa kukuonea huruma:

(a) Nifungiwe pedali moja ya breki chini ya kiti changu. Pedali nitakuja nayo, spana nitakuja nazo, ninyi mtoe waya tu.

(b) Kama waya hamna, mkia wa ndege upakwe herufi L kubwa nyekundu, ili ndege nyingine zikae mbali na zisimpigie kelele mtoto wa watu.

(c) Kama rangi nayo ni tatizo, aamriwe kufuata barabara kuu, kwa mwendo wa wastani, ili akihisi lolote aegeshe kando na kuwasha taa za hatari.

(d) Na kama mnayakataa yote hayo, basi safari nzima ifanyike kwa matairi. Ndege inayo, nimeyaona kwenye picha, tena mazuri kuliko ya kwangu. Tutachelewa kufika, lakini mwenda pole hajikwai, na abiria watapata nafasi ya kununua vitu njiani.

Nisalimie marubani wote, mafundi na wahudumu, na yule dada wa mapokezi mwambie nimemsamehe. Mke wangu anakusalimu, ila anaomba barua hii uisome ukiwa peke yako. Mama mkwe hajambo, nguo zimeshakauka.

Wako mtiifu, mguu ukiwa tayari,

Mwalimu Breki

Nyongeza: Maombi yangu yote manne naomba uyafute. Niliibeba barua hii mfukoni nikukabidhi mkono kwa mkono kabla ya kupanda, watu wa uwanjani wakaniambia hujaingia kazini, na mke wangu alikuwa amenishika mkono wa koti, sikuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo nimepanda, na nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kusubiri mizigo, kwenye uwanja tuliofikia. Kuhusu kuruka sina la kuripoti, wala kuhusu mawingu, wala kuhusu kutua. Mke wangu anasema katikati ilitikisika kweli kweli, na bwana wa kiti cha jirani alisali kwa sauti. Mimi nakumbuka sauti ya binti ikitukaribisha kwenye spika, imetulia, kama mtu aliye nyumbani kwake. Baada ya hapo nakumbuka natikiswa bega na abiria wote wameshashuka. Sijawahi kusinzia kwenye chombo kinachoendeshwa na mtu mwingine, mheshimiwa. Hata siku ya harusi yangu nilimwelekeza dereva gia kutoka kiti cha nyuma mpaka bibi harusi akakasirika. Binti alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake, akaniuliza baba, nimetuaje? Nilitafuta neno la kitaalamu, sikulipata. Nikamwambia ukweli, sijui mama, nilikuwa nimelala. Akanikumbatia pale pale mlangoni, kwa nguvu, mpaka kofia ikamdondoka, na wafagiaji wa ndege wakalazimika kutupitia ubavuni na mafagio yao.