Uzinduzi wa Bomba la Kichaa cha Mbwa

Umma unaarifiwa kwamba uelewa wa wanafunzi wa udaktari kuhusu kichaa cha mbwa sasa una kamati, na mwenyekiti wake ni mimi. Zamani uelewa huo ulikuwa unazagaa vichwani mwao bila usimamizi.

Baada ya vikao tisa hapa Bagamoyo, Kamati iliazimia lijengwe bomba la mfano la kuoshea majeraha. Maji yote ya chuo yakaelekezwa huko. Likafungwa utepe, nami nikatoa onyo: atakayeligusa kabla ya mgeni rasmi kulizindua, chuo atakisikia redioni.

Siku yenyewe mgeni rasmi alipiga simu saa nne kusema anaingia. Alikuwa bado Msata, mwendo wa saa nzima. Nikaenda nyuma ya turubai kufanya mazoezi ya hotuba, na huko mbwa asiye na mwaliko akanitia meno kwenye shavu la mguu.

Wahida, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, akaja mbio.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Nakufa!"

"Bado. Uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano. Kisha chanjo, leo leo. Dalili zikishaanza, hapana tiba."

"Basi nioshe!"

"Bomba lina utepe, Mwenyekiti. Na onyo lako tumelisaini."

Wenzake arobaini waliomfuata wakaitikia kwa vichwa. Wote walikuwa wanajua la kufanya. Hakuna aliyekuwa na kibali. Niliogopa, sifichi.

"Mwanangu, nakuruhusu."

"Kwa maandishi?"

Nikaandika kibali nyuma ya hotuba. Muhuri sikuwa nao. Wahida akanihurumia, akakipokea hivyo hivyo. Utepe niliukata mwenyewe, kwa meno. Nikaoshwa dakika kumi na tano kamili, nikilia kwa utaratibu.

Ndipo mgeni rasmi akashuka garini, kamera zikimtangulia.

"Haya, nazindua nini?"

Bomba lilikuwa limeshatumika. Afisa itifaki akaangaza huku na huku, akaniona.

Nikapandishwa juu ya meza kuu, suruali imekunjwa hadi gotini. Mgeni rasmi akautazama mguu wangu kwa uzito unaostahili, akatamka kuwa umezinduliwa, watu wakapiga makofi. Kisha akamkabidhi Wahida auendeshe kwa niaba ya wananchi.

Wahida akaupeleka moja kwa moja kuchanjwa. Nami, kwa kuwa hauwezi kwenda peke yake, nikaufuata.