Bomba la Gari la Mbio na Chujio la Efrazia

Jumatano, 1 Julai 1987

Padri kanipa kazi. Kasema niandike dhambi kila siku ikiwa bado ya moto, maana nikifika kuungama nakumbuka za wenzangu tu. Haya. Naitwa Yoakimu, mtu wa Mbulu, dereva wa lori katika shamba la ngano la serikali huku Hanang. Umri wa kuwa na busara nimeshaufikia. Busara yenyewe bado iko njiani.

Dhambi ya leo: wivu. Gidamis kanipita tena mlima wa Endasak. Malori yetu ni mapacha, yalikuja siku moja. Yote yana tabo, ile feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini. Mzigo sawa. Lakini kijana ananipita. Na angepita tu, basi! Akifika usawa wa dirisha langu anapunguza mwendo, anavua kofia, shikamoo mzee. Kwa heshima zote! Na mimi lazima niitikie, nimelelewa. Nikifungua mdomo kusema marahaba, vumbi lake lote linaingia humo. Tangu mavuno yaanze nakula vumbi na marahaba.

Sitaki makubwa. Nataka siku moja anipe shikamoo akiwa nyuma yangu.

Jumamosi, 4 Julai

Shemeji Tadei kaja kutoka Arusha. Kesho ni kipaimara cha binti yetu Zita. Tadei anafanya kazi kwenye gereji ya magari ya mbio, yale yanayopita na namba ubavuni na kuua kuku. Kaniletea zawadi ndani ya gunia. Bomba! Linang'aa kama kikombe cha misa.

Limetoka kwenye gari la mbio lililopinduka. Gari dogo, la chini, lina tabo kama letu. Kasema wenye magari hayo wakishanunua, kitu cha kwanza wanang'oa debe la hewa la kiwandani, lile lenye filta ndani, na kuweka bomba kama hili. Injini ni kama mtu, kasema. Ukimziba pua, atakimbiaje? Nikamwuliza yule aliyepinduka alikuwa anapumua vizuri? Kasema tusichanganye mambo.

Nikauliza filta yake iko wapi. Ilipotea kwenye ajali. Kasema niweke chochote chenye matundu.

Mke wangu Efrazia alikuwa anasikia. Kasema huyu ni kaka yake, tumbo moja, lakini ndiye aliyetengeneza redio yetu, na tangu siku ile inashika Burundi tu.

Jumapili, 5 Julai

Zita kapata kipaimara. Askofu kahubiri juu ya Roho Mtakatifu kushuka kama upepo. Mimi nikawa nawaza hewa nyingine. Kanisa zima nilikuwa natafuta vitu vyenye matundu. Kapu la sadaka, kubwa mno.

Nyumbani, baada ya wageni kunywa na kuondoka, Efrazia kaosha chujio lake la pombe na kulitundika ukutani. Limesukwa kwa nyasi, refu kama soksi. Nikalivalisha bomba. Limekaa kama kofia kichwani kwa mwenyewe! Nimelichukua.

Kuchukua chombo cha mke bila kumwambia, ni wizi au ni matumizi ya nyumbani? Nitamwuliza Padri, kwa mfano wa mtu mwingine.

Jumatatu, 6 Julai

Ushindi! Asubuhi nimefungua debe la hewa, nikalificha nyuma ya kiti, nikafunga bomba kwa mpira wa tyubu. Kuwasha tu, mluzi! Lori linalia kama limeona nyoka. Ndani kunanuka pombe ya jana kidogo. Mlima wa Endasak nimeupanda kwa giya ya tatu. Ya tatu! Siku zote ni ya pili. Gidamis kabaki nyuma huko. Ikabidi atoe kichwa dirishani na kupiga kelele, shikamooo! Nikamwitikia mpaka sauti ikakauka.

Jioni kwenye mizani karani Helena kanipunguzia raha. Kombaini ya kuvunia iliharibika asubuhi, kwa hiyo nilikuwa nimepakia nusu. Gidamis kasikia. Kasema mzee wangu, mimi nami nikipakia nusu, naruka na korongo. Madereva wote wakacheka. Nikawaambia vijana wa siku hizi hawajui hewa.

Jumatano, 8 Julai

Mzigo kamili. Giya ya pili, kama siku zote. Gidamis kanipita, kofia, shikamoo, vumbi.

Nimewaza sana leo. Tabo yenyewe tayari inavuta hewa kwa nguvu. Mtu anayekunywa kwa pupa ukimpa kikombe kipana, atashiba zaidi? Lakini ule mluzi! Ukisikia mluzi ule mwili unaamini unakwenda. Labda watu wa magari ya mbio nao wananunua mluzi.

Nilimpa Efrazia lifti mpaka sokoni Katesh, awe shahidi. Kasema lori linapiga kelele kama mbuzi aliyeshikwa pembe, ila miti inapita polepole vilevile. Halafu kaniuliza kama nimeona chujio lake. Nikasema chujio lipi? Maneno mawili tu, dhambi sijui ngapi.

Ijumaa, 10 Julai

Fundi Nikolausi katangaza wiki ijayo atakagua malori yote. Nimerudisha debe la kiwandani haraka. Kulitoa chujio, lahaula! Limebaki mdomo tu. Kitako hakipo. Kimekwenda wapi? Kuna sehemu moja tu ya kwenda. Sikutaka kuwaza zaidi.

Nimepanda mlima kwa debe la zamani na mzigo kamili. Giya ya pili. Mwendo uleule. Kwa hiyo bomba halikuongeza kitu. Au basi leo kulikuwa na baridi, na baridi inasaidia debe. Nimechagua baridi.

Jumapili, 12 Julai

Nilikuwa misani. Gidamis kwao hawasali, wana mambo yao ya jadi, kwa hiyo Jumapili anafanya kazi. Lori lake lilivunjika springi, meneja kampa langu. Limefia mlimani mikononi mwake. Wanasema tabo ililia, ukatoka moshi mweupe, kisha kimya.

Nimekula ugali ukawa hauna ladha. Efrazia kaniuliza kama naumwa. Nikasema nasikitikia mali ya umma.

Jumatatu, 13 Julai

Nikolausi kafungua tabo mbele yetu wote. Mapanga ya ile feni yameliwa na vumbi kama meno ya kikongwe. Katikati yake, nyasi. Nyasi zilizosokotwa na kuungua.

Meneja kaona nyasi, kapata jibu. Kasema Gidamis alikatisha porini kwenda bomani kwao upande wa Gehandu. Gidamis kasema hajatoka barabarani hata kidogo. Meneja kasema nyie wafugaji wote ni walewale, mkiona ng'ombe usukani unageuka wenyewe. Alhamisi anafukuzwa kazi.

Baba yake Gidamis alikuwa anachunga mahali ngano ilipo sasa. Malisho yalikwenda, mtoto kapata usukani. Ndicho walichobakiwa nacho. Mkewe Juliana ana mtoto mgongoni na mwingine njiani.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nimeangalia viatu vyangu mpaka mkutano ukaisha. Dhambi ya leo haina kelele.

Jumanne, 14 Julai

Nimepata mpango wa kumwokoa Gidamis bila mimi kuumia. Nimekwenda kwa meneja, nikamweleza kwamba mlima Hanang una kimbunga kinachobeba nyasi. Kaniuliza kwa nini kiliingia lori moja tu. Nikatoka, nikawaza, nikarudi. Nikamwambia kuna ndege wanaosuka viota kwenye injini. Kaniuliza tangu lini nampenda Gidamis hivi.

Nikaenda kwa Padri. Nikamweleza habari za mtu mmoja, siyo mimi, aliyeweka kitu fulani kwenye lori fulani. Padri kasikiliza mpaka mwisho. Kasema mwambie huyo mtu, Yoakimu, aende ofisini.

Alhamisi, 16 Julai

Asubuhi nilipanga kuumwa tumbo. Efrazia kasema mgonjwa hamalizi uji namna ile. Nikaenda.

Madereva wote walikuwa nje ya ofisi wanangoja. Gidamis kakaa kwenye benchi, kavaa shati la sikukuu. Juliana kasimama pembeni. Nikawa napita kwa mbali, kumbe kaniona. Kainuka. Kavua kofia. Shikamoo mzee.

Hakuwa ananitania. Hapakuwa na lori wala mlima. Mtu anakwenda kufukuzwa kazi na bado anainuka kunisalimia.

Nikafungua mdomo. Marahaba haikutoka. Nikajaribu tena, haikutoka. Ndani Helena kaacha kupiga taipu. Huku kwetu mkubwa akimeza marahaba siyo jambo dogo, ni kama anakulaani. Rangi ilimtoka Gidamis. Kazi alikuwa ameshakubali kuikosa, lakini hili, hapana. Kaniuliza kwa sauti ndogo, mzee, nimekukosea nini?

Nikasema hujanikosea. Nikasema, zile nyasi ni za chujio la pombe la mke wangu.

Meneja katoka, kasema nirudie. Nikarudia. Kasema nirudie tena, hajaelewa pombe inaingiaje. Nikaeleza bomba, gari la mbio, Tadei, pua, debe, mluzi, yote. Nikolausi kacheka mpaka kashika ukuta. Meneja hakucheka.

Nilipomaliza nikamgeukia Gidamis, nikasema marahaba. Imechelewa lakini imefika. Kasema asante, mzee. Juliana kaniangalia tu, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

Gidamis kabaki kazini. Mimi nimenyang'anywa lori. Nimepewa trekta la maji, zee kuliko yote shambani, halina tabo wala aibu. Kufika nyumbani, Efrazia alishapata habari. Lori hakuliuliza. Kauliza imekuwaje chujio lake limetajwa mbele ya meneja kabla ya kutajwa mbele yake.

Jumapili, 19 Julai

Nimeungama. Safari hii bila yule mtu mmoja, siyo mimi. Malipizi: nimsukie Efrazia chujio jipya, kwa mkono wangu, nikifundishwa na mama mkwe, bibi Fransiska. Mchana kutwa nimekaa miguuni pake kama mwali. Kila nikilegeza ananipiga kofi mkononi. Kaza! Kaza, Yoakimu!

Lakini roho imetulia. Nimeelewa mengi. Wivu ni vumbi, unaingia taratibu na kula mapanga ya ndani. Na Gidamis ni mtu. Jana nilikuwa napeleka maji, kanipita mlimani na lori lake. Hakupunguza mwendo ubavuni mwangu. Kaenda mbele, kaegesha pembeni, kangoja vumbi litulie lote. Ndipo kashuka, kavua kofia, shikamoo mzee. Nimeitikia kwa mdomo safi. Machozi yalinitoka kidogo.

Nimewaza jambo hilo mpaka sasa, huku nasuka. Na chujio limekaza kweli, bibi Fransiska kalijaribu kwa unga, unga haukupita. Ndipo nikaona. Kosa halikuwa bomba! Kosa lilikuwa chujio bovu. Bomba bado ninalo, chini ya kitanda. Trekta nalo lina pua, ndogo, ya kusikitisha. Nimeongeza mizunguko michache, mdomo wa chujio umekuwa mpana kidogo kuliko chungu cha Efrazia, upana wa bomba hasa. Hajaona.

Kesho napeleka maji tena. Gidamis atapita, ataegesha pale pembeni, atangoja vumbi litulie.

Sitasimama. Nampita.