Funda la Kwanza la Bia ya Kahawa

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mwenye hoteli, povu likiwa bado mdomoni. Someni kimya kimya.

Mnajua mimi ni mhudumu hapa Diani. (Wale mnaosema nabeba sahani tu, subirini.) Hotelini tumeletewa bia mpya, nyeusi tititi, iliyopikwa na kahawa. Asubuhi meneja wetu, Bi. Njeri, mtu wa bara asiye na mchezo, alituita tuionje ili tujue tunachouza. Wenzangu wakakunja nyuso. Mmoja akasema hiyo ni dawa ya minyoo.

Mimi nikaionja taratibu. Baba yangu ni mgema wa mnazi kule Kinango, ulimi huu haukuokotwa. Nikamwambia Bi. Njeri kwamba inaanza na uchungu wa kahawa tungu ile ya kunywa na tende, katikati kuna utamu wa sukari iliyoungua, na mwisho inakausha mdomo, kwa hiyo iende na korosho za chumvi. Akanitazama kama aliyeniona leo. Akasema mwenye hoteli anakuja mchana na wageni wake, nitawahudumia mimi, na nikifanya vizuri nitapewa kaunta ya vinywaji. Kaunta hiyo nimeitamani tangu niajiriwe! Kisha akanipa wosia.

"Ndoro, usisimame kama mlingoti. Wakaribishe kama unavyokaribisha wageni kwenu."

(Kosa lilianzia hapo. Si langu.)

Mchana nikatokea na shati lililonyooka. Nikamwamkia mama mwenye hoteli shikamoo, akaitikia marahaba. Nikawaeleza habari za ile bia yeye na wageni wake watatu, mpaka mmoja akameza mate. Nikamimina polepole, povu likapanda rangi ya kahawa ya maziwa. Nilijiona mwanamume kwelikweli.

Kisha nikainua glasi ya mama. Wote wananitazama. Nikainywa.

Tena sikuonja kwa ncha ya ulimi. Nilipiga funda zima, nikajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, nikamkabidhi glasi kwa mikono miwili. "Karibu, mama."

Hata tumbili waliokuwa wakivizia korosho walitulia. Kule mlangoni Bi. Njeri alijifunika uso kwa trei. Ndipo nikakumbuka kwamba hapa si kwetu.

Mama akaitazama glasi, akanitazama mimi. "Kijana, umekunywa bia yangu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusingizia nzi. Kaunta niliiona inaondoka. Lakini nilimfikiria baba, nikaona bora nifukuzwe nikiwa na ukweli wangu.

"Kwetu mgeni hapewi mnazi mpaka mwenyeji aunywe kwanza mbele yake, aone hauna sumu wala uchawi. Baba angejua nimekupa bila kuonja, angeona haya."

Sijuti hata neno moja.

Mama akaichukua glasi ile ile, akanywa. Nikashusha pumzi. Yangeishia hapo ningekuwa shujaa, lakini mgeni aliyeketi kando yake akanisogezea glasi yake, akauliza kama yeye ndiye wa kulishwa sumu. Nikamwonjea. Mgeni wa pili naye akataka. Wa tatu akasema funda nililopiga kwenye glasi yake lilikuwa dogo, hana imani nalo, nirudie.

Nikarudia. (Heshima ya mgeni haina mipaka.)

Bia ile ni kali kuliko inavyonukia, na mimi nilikuwa sijala. Ya baadaye nimehadithiwa. Inasemekana nilivuta kiti nikaketi mezani pao, nikala korosho zao, nikawafundisha kupanda mnazi kwa kuikumbatia nguzo ya hoteli, na mama mwenye hoteli nikawa namwita shangazi.

Bi. Njeri ndiye aliyenitoa kwenye nguzo. Akaninywesha maji jikoni, halafu akanipa ujumbe kutoka kwa "shangazi": kaunta ni yangu, na nimfikishie baba salamu. Sharti ni moja, nisiguse tena glasi ya mgeni.

Nimempigia baba. Amecheka mpaka akakohoa, kisha akawaita majirani waje wasikie mwanawe amefanya nini Diani.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtoto wa mgema akisifiwa, hulimaliza.