Alama Zangu za Kuishi na Watu

Jumatatu, 6 Mei 2024

Mtihani wa kuishi na watu wa mila nyingine! Nimejipa alama zote. Mwalimu wetu, Madam Theopista, alitaka kila mmoja ajipime mwenyewe, nami najijua. Chuo chetu hapa Kariakoo kina Wahindi, Waarabu, Wachina na sisi Waafrika wa kila kabila, wote nawasalimia. Hyasinta, Mngoni wa Songea, kajipa nusu. Eti kwao mtu hajisifu. Shauri yake! Mimi Godbless lazima nifaulu. Nikifeli, baba kaapa kunirudisha dukani kwake mtaa wa Gerezani nikauze boliti maisha yangu yote.

Jumanne, 7 Mei

Balaa! Madam kafuta matokeo. Kasema kipimo kile kinampa alama mwenye majivuno na kumnyima aliyelelewa kunyamaza, si haki. Sasa kila mtu atapimwa na mwenzake wa asili nyingine, kwa jambo aliloliona kwa macho, na aseme sababu mbele ya darasa Jumatatu. Mimi nitapimwa na Murtaza, Mhindi wa Upanga. Mwaka mzima hatujavuka salamu za mambo na poa.

Alhamisi, 9 Mei

Hyasinta kaniwahi. Leo darasa zima tulikuwa Magomeni, kwenye msiba wa baba yake mwenzetu Benjamini. Benjamini ni Mhehe, na Wahehe na Wangoni ni watani wa jadi, ruksa kutaniana hata msibani. Jeneza linatoka, Hyasinta huyo, kajitupa mbele yake kwenye matope! Akapiga kelele kwamba mzee haendi popote mpaka yeye apewe kuku. Waliokuwa wakilia wakacheka. Benjamini mwenyewe alicheka huku machozi yanamtoka. Chen, Mchina anayempima Hyasinta, hakubandua macho. Na mimi nimesimama tu kama nguzo ya umeme!

Jioni habari ikaingia kwenye kundi la darasa. Bibi yake Murtaza amefariki, mazishi kesho. Mungu anisamehe, niliruka kwa furaha.

Ijumaa, 10 Mei

Upanga, ghorofa ya tatu. Wageni wote tukavua viatu mlangoni. Wanaume walipoanza kushuka na jeneza, nikatangulia mbio pekupeku, nikajilaza chini ya ngazi, nikapaza sauti: Bibi hatoki mpaka nipewe kuku!

Wabebaji hawana pa kupita, jeneza limeinama. Baba yake Murtaza akaniuliza kama naumwa. Shangazi mtu akaanza kunipepea kwa mtandio. Mjomba wao daktari akanishika mkono kutafuta mapigo, akasema kijana kazidiwa na uchungu, apelekwe hospitali. Ikabidi niseme ni utani. Murtaza akauliza, utani wa nani na nani? Hapo ndipo nikakumbuka. Sisi Wachaga watani wetu ni Wapare! Nilipomwona baba yake anafuta machozi niliona aibu ya kweli, nikawaomba radhi wote.

Ningekimbia pale pale, ila mtu kaenda makaburini na viatu vyangu. Ikabidi nisubiri warudi. Nikapanga viti, nikaosha vikombe, kwa kuogopa tu kukaa nikitazamwa. Kichwani nilishaanza kuuza boliti.

Jumatatu, 13 Mei

Murtaza akasimama mbele ya darasa. Akaeleza yote: ngazi, kuku, daktari. Darasa likaangua kicheko. Akasema kwa kujua mila zao nastahili sifuri. Lakini nilikuja, nilipokosea niliomba radhi bila kujitetea, kisha nikabaki kusaidia mpaka watu wakarudi kutoka makaburini. Akanipa hamsini. Nimefaulu! Kuhusu viatu sikusema kitu. Hyasinta, mwenye tisini zake, akanipongeza. Nikaitikia shingo upande.

Madam akasema anatumaini nimejifunza. Sana! Alama zote ziko kwenye kuomba radhi. Mtihani ujao anayenipima ni Chen, na Jumamosi dada yake anaolewa. Hyasinta kajitolea kumuuliza Chen harusi za kwao zikoje, aje anieleze. Nimemkatalia katakata. Nikishajua, nitaomba radhi ya nini?