Picha ya Mkorosho wa Mama Zuhra

Jumatatu, 14 Julai 2025
Maua ya mikorosho yetu yameota unga mweupe. Ni ugonjwa wa ubwiriunga. Mama anasema yakikauka kabla ya bwana shamba kuyaona, mwaka huu tutavuna majani. Bwana shamba Selestini yuko Masasi, sisi tuko Mnyambe. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nimeandika programu ya Java katika klabu ya kompyuta: mkulima anapakia picha ya mti wake kwa simu, bwana shamba anaipakua huko aliko, anajibu. Mwalimu Paulina amesema niijaribu kwa wakulima wa kweli. Nitaanza na Mama.

Jumanne, 15 Julai
Picha ya Mama imekataliwa. Seva yangu, yaani kompyuta inayotunza picha, inapokea megabaiti moja tu, picha ina nne. Mama akauliza kama seva imeshiba. Nimeongeza kikomo hadi kumi, ikaingia. Inahifadhiwa kwa jina aliloandika mwenyewe: MamaZuhra. Safi kabisa. Yunusi, anayekaa nyuma yangu maabara ya kompyuta na hajui kunyamaza, akasema kila picha ipewe namba yake. Nikamwambia kwetu mtu mzima haitwi namba. Akasema basi niiamkie na seva shikamoo.

Jumatano, 16 Julai
Mwalimu amewatangazia wazazi wengine. Kufikia jioni zimepakiwa picha tatu. Tatu! Nimesahau hata kula.

Alhamisi, 17 Julai
Jibu la bwana shamba kwa Mama: mbuzi anaonekana mzima, ila mkorosho hajauona.
Hatuna mbuzi.
Nimeshinda maabara. Picha zilizopakiwa ni tatu, faili ni moja. Aliyetuma kwanza ni Mama. Wa pili ni Mama Zuhra, mke wa fundi baiskeli. Wa tatu ni Mama Zuhra wa Mkunya. Kila aliyekuja alimfuta aliyetangulia. Nikampigia wa Mkunya. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Akasema kwa kuwa bwana shamba anaangalia bure, amwangalie na mbuzi, anakohoa.
Yunusi akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Afadhali angenicheka.

Ijumaa, 18 Julai
Maua yanazidi kuwa meupe. Nimemwambia Mama ukweli. Akasema picha yake haikumtia wasiwasi, kwani juzi alimpa kondakta wa basi la Masasi tawi lenyewe, limefungwa kwenye gazeti. Leo mchana bwana shamba amepiga simu: tupulize dawa ya salfa alfajiri, umande ukiwapo. Bado tumewahi. Baba ameshaifuata Newala mjini. Nikamuuliza Mama mbona hakuniambia. Akasema hakutaka kuivunja moyo seva.

Jumapili, 20 Julai
Salfa imepulizwa. Nyumba nzima tunapiga chafya, na Mama anaimba.
Yunusi ameniletea karatasi yenye mistari minne ya programu ya kutoa namba. Nimemshukuru, nikaikunja vizuri, nikaiweka ndani ya kamusi. Mimi nimeshaona kosa lilipo. Kina mama wanaoitwa kwa jina la Zuhra ni wengi mno. Nimepata njia yenye heshima zaidi. Kuanzia kesho kila picha itahifadhiwa kwa jina la baba wa nyumba. Ya kwetu itaitwa BabaZuhra. Hilo haliwezi kugongana na la Mama Zuhra yeyote.