Filamu ya Kumfukuza Mbuyi

Jumatatu, 3 Juni 2024

Baridi. Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimekaa jikoni na koti, lakini moyo una joto. Nimepata dawa ya Mbuyi.

Mbuyi ni mwalimu anayetaka kumuoa Clotilde, binti yangu wa pekee, niliyebaki naye tangu mama yake afariki. Kijana mpole. Ana adabu. Kasoro moja: kwao ni Kasai. Amezaliwa hapa Lubumbashi, na baba yake pia, lakini kwao ni Kasai, na kwetu wenyeji Mkasai hubaki mgeni. Siwezi.

Dawa yenyewe ni filamu. Miaka yote napiga video za harusi na matanga. Sasa natengeneza filamu ya kutisha, ya kuwaumbua wazungu wabaguzi. Kijana mweusi anaalikwa nyumbani kwa bosi wa mgodi. Kila bosi anapomsifu kwamba si kama wenzake, kijana anafifia kidogo, mpaka kioo kinakosa sura yake. Kijana huyo atakuwa Mbuyi. Nitamtisha hadi aikimbie nyumba hii na binti yangu.

Jumatano, 5 Juni

Amekubali. Alinishukuru, akaniita papa, kama baba yake. Nikamwambia nampenda kwa sababu hayuko kama Wakasai wengine. Akainama kufunga kamba za kiatu. Clotilde akatoka nje na sufuria tupu. Vijana wa leo hawajui kupokea sifa.

Mzungu hakupatikana. Aliyeniahidi alipanda ndege Luano bila kuaga. Basi bosi ni mimi. Nimejipaka unga wa muhogo usoni. Kaka yangu Mukuka akasema nafanana na mtu wa mashine ya kusaga. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimfungia Mbuyi stoo, gizani, nikapiga vilio na minyororo kwenye redio. Nilipofungua nilitegemea kumkuta analia. Nikamkuta anasahihisha mitihani ya wanafunzi kwa taa ya simu. Akauliza kama anaweza kubaki kidogo, amalize darasa la pili. Nikazima redio.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya.

Leo tulipiga tukio la bosi kumpokea mkwe. Kiki, anayecheza binti wa bosi, anaumwa; Clotilde ndiye aliyeniambia, akajitolea kushika nafasi yake. Mimi sipendi uongo katika sanaa. Nilitaka pombe ya kweli na wazee wa kweli. Shangazi yake Mbuyi, mama Léonie, akaja na ndugu zao wote, wamevaa vitenge vya sikukuu. Msemaji wetu alikuwa Mukuka. Desturi inajulikana: kabla baba hajagusa pombe ya wageni, binti anaulizwa mbele ya watu kama baba anywe. Mukuka akamuuliza mara tatu. Mara tatu Clotilde akajibu, "Munywe, papa."

Nikanywa glasi nzima.

Nikasema basi, tumemaliza kupiga. Hakuna aliyenisikia. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele kwamba posa imepokelewa, mama Léonie analia kwa furaha. Nikamkumbusha Mukuka kwamba hii ni filamu. Akasema, "Filme iko filme, lakini ile pombe ulikunywa ya kweli." Jioni nikamwona Kiki sokoni ananunua samaki, mzima kabisa.

Jumapili, 9 Juni

Mukuka anasema nikitaka kurudisha neno langu la posa, niite familia zote mbili nitaje sababu mbele yao. Sababu ninazo. Ila si za kusemwa mbele ya watu.

Clotilde amelia. Akaomba kitu kimoja: nimwite Mbuyi mtoto wangu, nisiongeze chochote. Nilijaribu. Nikafika kwenye "mtoto wangu", halafu "ingawa" ikatoka yenyewe. Amefunga nguo zake, amehamia kwa mama Léonie. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimekula bukari, ugali wa baridi, nimesimama.

Jumamosi, 22 Juni

Filamu imeonyeshwa hapa mtaani kwetu Naviundu, kwenye ukumbi wa parokia. Mizimu yangu iliwachekesha watoto. Lakini lilipofika tukio la glasi, ukumbi ukatulia. Jasho lilikuwa limeondoa unga, na pale ukutani ni uso wangu mwenyewe, namtazama Mbuyi juu ya glasi. Mama mmoja akampakata mtoto wake. Mama Léonie akainuka, akatoka.

Baadaye Cathy, mwenye projekta, akaniuliza nilijifunza wapi kumchukia mtu namna ile, maana alisikia baridi mgongoni. Nikamwambia ni kipaji. Nimefurahi sana. Nimefika nyumbani, hakuna wa kumsimulia.

Jumatano, 26 Juni

Mukuka ameleta ujumbe. Mbuyi amepata kazi katika shule ya Kilwa ya huku kwetu, ile ya ziwani, mbali na hapa. Wanaondoka kesho asubuhi. Clotilde anaomba niende niwabariki, na nisipofika hataomba tena. Mukuka akauliza apeleke jibu gani. Nikamwambia nitaona.

Alhamisi, 27 Juni

Wameondoka. Sikwenda, nilikuwa na kazi. Naandika filamu ya pili. Wageni wenye tabasamu wanaingia kwa mtu mwema, wanamnyang'anya binti yake wa pekee, na hakuna anayemhurumia. Nimelia nikiiandika. Watu wajue ubaguzi unavyouma.

Anayeonewa nitakuwa mimi. Nimebakiza kupata Wakasai wa kucheza watu wabaya. Nimemtuma Mukuka amuulize mama Léonie kama ana nafasi Jumamosi.